Likizo Rumonge: Kitenge, Kikapu na Deni la Askari

Likizo ni haki ya askari, lakini wengi wetu hatujui kuitumia. Mtu hurudi nyumbani amechoka, huvua gwanda, huomba chai, kisha hulala. Na siku zinapokwisha, mkewe na watoto hawana wanalolikumbuka isipokuwa mgongo wake kitandani. Mwandishi wa makala haya, ambaye ni askari polisi, alikuwa katika kundi hilo kwa miaka mingi. Mwaka huu mama watoto alitamka neno moja lililonizindua: "Watoto hawa wanakujua kwa buti zako tu."

Basi tukaweka akiba kidogo kidogo, na likizo ilipowadia tukafunga safari ya siku nne kwenda Rumonge, mji ulioko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Haja ya mama watoto ilikuwa kutazama maduka ya vitenge na kazi za mikono. Haja yangu mimi ilikuwa samaki aina ya mukeke. Ndugu msomaji, nilikwenda kutafuta samaki nikarudi na somo, nalo ndilo ninalotaka kuwagawia ndugu zangu wa jeshi na wa polisi.

Barabara, ziwa na jiwe

Tuliondoka alfajiri kwa basi dogo, bila gwanda wala silaha. Barabara ya taifa namba 3 hupita katika ukanda mwembamba: kushoto milima, kulia maji. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470 hivi, nalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zote zimepakana nalo. Kitinda mimba wangu aliuliza kama yuko mtu aliyewahi kufika chini kabisa. Nikamjibu kwamba hata samaki hawafiki huko, kwa maana maji ya kilindini hayana hewa ya kuwatosha kupumua.

Kiasi cha kilomita 12 kutoka mjini, mahali paitwapo Mugere, tulishuka ili watoto walione jiwe kubwa ambalo habari zake walizisoma shuleni. Jiwe hilo lina majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe ya 25 Novemba 1871, wakati wasafiri hao walipopita pwani hii baada ya kukutana Ujiji. Watoto walipiga picha. Mimi nikamweleza kifungua mimba jambo ambalo halikuandikwa katika jiwe hilo, yaani misafara ya siku zile ilikula kwa nini na ilipita kwa nini.

Misafara hiyo ilibeba majora ya nguo, mizigo ya shanga na nyaya za shaba, kwani hizo ndizo zilizokuwa fedha. Nguo nzito isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani, iliitwa merikani. Nguo iliyotiwa nili iliitwa kaniki. Na kipimo chake kilikuwa doti. Kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtawala fulani ulilipa kwa nguo ushuru wa kupita, na ushuru huo uliitwa hongo.

Tafadhali tulitafakari neno hilo. Zamani lilikuwa jina la ushuru uliojulikana na wote, uliolipwa mchana kweupe. Leo ni jina la kosa. Neno lilibadilika maana kwa sababu mkono unaopokea ulibadilika desturi: ulianza kupokea pasipo kutoa ulinzi wala njia. Wakati ule nililisema jambo hilo kwa kujivunia elimu yangu mbele ya mtoto. Sikujua kwamba kabla ya siku ya tatu lingenirudia mimi mwenyewe.

Mji wa mawese na wa Kiswahili

Rumonge ni mji wa michikichi. Kuanzia kandokando ya barabara hadi kwenye miteremko ya vilima huonekana miti hiyo, na mafuta ya mawese ya huko husifika nchini kote. Kuanzia mwaka 2015 mji huu ulikuwa makao makuu ya mkoa wenye jina hilo hilo. Katika mpango mpya wa mwaka 2025, uliopunguza mikoa ya nchi ikawa mitano tu, Rumonge uliingizwa katika mkoa wa Burunga.

Mgeni atokaye milimani hustaajabu kusikia Kiswahili kimetawala sokoni. Si ajabu hata kidogo. Tangu karne ya kumi na tisa biashara ya Ujiji ilivuka ziwa kwa mitumbwi na majahazi, na pamoja na chumvi, shanga na nguo ilileta lugha na dini. Lakini ipo njia nyingine ambayo Kiswahili kilipitia, nayo ni ya majonzi. Tarehe 29 Aprili 1972 ghasia zilizuka kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza, na mauaji yaliyofuata nchini kote yalimaliza watu wengi mno. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakakaa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Miaka zaidi ya 35 baadaye, zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikubaliwa uraia wa Tanzania, na wengine wapatao 53,000 walirejea Burundi katika miaka ya 2008 na 2009. Walirudi na vyerehani, na kanga, na Kiswahili cha Tabora na Mpanda. Wengi walikuta mashamba ya wazazi wao yana wenyewe wengine. Yule aliyekosa shamba alitafuta riziki kwa mikono yake: kushona, kusuka, kuuza nguo.

Imenipasa kuyataja hayo kwa sababu askari anayeingia duka la Rumonge haingii mahali pasipo kumbukumbu. Watu wa pwani hii wameona gwanda la kila rangi, na si kila mara waliliona likija kwa heri.

Vikapu na vyungu

Siku ya kwanza tulitazama kazi za kusuka. Wanawake walikuwa wamekaa chini, kila mmoja na rundo lake: vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka viitwavyo agaseke, nyungo za kupepetea, mikeka ya mafunjo iitwayo ikirago, na mafagio ya chelewa zitokanazo na makuti ya michikichi ya hapo hapo. Mama watoto alinifundisha namna ya kununua kikapu. Kwanza kigeuze utazame kitako, kwa kuwa hapo ndipo msukaji alipoanza, na aliyeanza vibaya humaliza vibaya. Pili vua kifuniko ukizungushe. Kifuniko cha fundi hukaa sawa kila upande. Tatu kiminye ubavu: kikilegea, mizunguko haikukazwa.

Nilimwuliza mama mmoja ni siku ngapi amekaa juu ya kikapu kimoja. Akasema wiki nzima, tena si usiku na mchana, bali kila apatapo nafasi baada ya shamba na jiko. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimekwisha fungua kinywa kumwambia anipunguzie nusu. Nilikifunga.

Mbele kidogo tuliona vyungu. Kazi hii katika Burundi ni ya Watwa tangu zamani. Mfinyanzi wao hatumii gurudumu. Hukunja udongo kwa mkono, hupandisha ukuta wa chungu pole pole, hulainisha, huanika, kisha huchoma uwanjani kwa nyasi na kuni. Sufuria na ndoo za plastiki zimewanyang'anya soko. Zaidi ya hayo, mabonde mengi yaliyokuwa yakitoa udongo yamegeuzwa mashamba. Katiba ya mwaka 2005 iliwapa Watwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtu huishi kwa chungu alichouza leo. Tulinunua kimoja cha kupikia maharage. Mama watoto anashikilia kwamba maharage yaliyopikwa katika chungu hayana mfano, nami tangu turudi nimekubali.

Muuza vikapu mmoja alitueleza kwamba shehena yake nyingine huipeleka Kigoma kwa kupitia Mugina na Manyovu. Hapa nina neno kwa ndugu zangu walio mipakani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Jumuiya hiyo ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili. Mama mwenye vikapu kumi kichwani si mlanguzi. Cheti chake kikiwa sawa, hana deni lolote kwa mtu aliyesimama njiani.

Duka la vitenge

Siku ya tatu ilikuwa ya nguo. Warundi wa zamani walivaa ngozi, na pia magome ya mti wa jamii ya mtini yaliyopondwa hata yakalainika, yaliyoitwa impuzu. Magome yametoweka lakini jina limebaki: leo Mrundi akisema impuzu anakusudia nguo yoyote. Na kitenge chenyewe ni mgeni aliyepata uraia. Mtindo wake ulianzia katika batiki za Java. Waholanzi wakauiga kwa mashine, na kiwanda cha Vlisco katika mji wa Helmond kimekuwapo tangu mwaka 1846. Baadaye Waafrika wakajenga vyao. Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Bujumbura nako kikajengwa kiwanda cha COTEBU kwa msaada huo huo, kikitumia pamba ya bonde la Imbo.

Duka tuliloingia upana wake haukuzidi hatua nne. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Mishamo, mchangamfu wa maneno. Alimkaribisha mama watoto kama aliyekuwa akimngoja, akamteremshia kitenge baada ya kitenge. Alimwonyesha namna ya kupambanua: kitenge kizuri rangi yake hupenya ikafanana mbele na nyuma, kilichopigwa chapa upande mmoja nyuma yake huwa imepauka. Alimwonyesha maandishi ya pindo, akasema pindo nalo hudanganya, hivyo ni bora kulowesha ncha kwa maji na kuisugua kwa kitambaa cheupe. Kisha ikaanza bei. Ndugu msomaji, hilo lilikuwa tamasha! Mama mwenye duka alitaja yake, mama watoto akashika moyo kama aliyechomwa mwiba. Huyu akashusha kidogo, yule akapandisha kidogo. Wakacheka, wakaulizana habari za watoto, wakarudi katika bei. Mwishoni walikutana mahali ambapo wote wawili walilalamika huku wakitabasamu, na hiyo ndiyo dalili ya bei ya haki.

Nikatoa pochi nilipe. Katika kuzivuta noti, kitambulisho changu cha kazi kikaanguka juu ya meza, uso juu.

Yule mama alikitazama. Tabasamu likakatika kama uzi. Alikunja vitenge vyote viwili, akavitia katika mfuko, akanisogezea kwa mikono miwili. "Chukua tu, afande," alisema. "Utalipa siku utakayopita tena."

Nilidhani ni ukarimu, na sitaficha: kwa dakika moja nilifurahi. Mama watoto ndiye aliyeona. Alirudisha mfuko mezani akamwambia, "Dada yangu, tulikuwa tumekwisha kupatana. Mume wangu analipa bei ile ile." Yule mama akasisitiza tuchukue. Mama watoto akakataa. Hatimaye mama akaketi, akaeleza bila hasira. Miaka miwili iliyopita mtu mmoja mwenye gwanda alichukua vitenge viwili, akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Alipokumbushwa mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu aliuliza karatasi za duka ziko wapi. "Tangu siku ile sikumwuliza tena," alisema mama. "Nikiona kitambulisho, nahesabu kwamba kitenge kimoja kimeungua."

Daftari lililoungua

Neno hilo la mwisho lilinipiga kifuani, na sababu yake ninaieleza leo hadharani kwa mara ya kwanza.

Mwezi Desemba 2012 nilichukua vitenge viwili kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa soko kuu la Bujumbura, kwa ajili ya sikukuu. Aliandika jina langu katika daftari lake. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko hilo liliteketea. Kila aliyekuwa Bujumbura siku hiyo anakumbuka moshi ule. Mimi nilikuwa katika mstari wa askari waliowazuia watu wasirudi ndani kuokoa mali, na kwa kazi ile sina majuto, kwani paa lilikuwa likianguka. Niliwaona wanaume wazima wakilia wameketi barabarani. Na katikati ya huruma ile, sauti ndogo ndani yangu ilisema: daftari limeungua.

Sikumtafuta tena mtu yule. Sikumtishia, sikumdai karatasi, nilinyamaza tu. Lakini katika duka lile la Rumonge nilitambua kwamba mimi na yule mwenye gwanda aliyesimuliwa tulikuwa ndugu wa baba mmoja. Yeye alitumia cheo chake kuzima deni, mimi nilitumia moto. Nilimlipa mama bei kamili iliyopatanwa, mama watoto akaongeza kanga moja, tukaagana. Mlangoni alituambia, "Amahoro," nasi tukamjibu hivyo hivyo.

Usiku ule nilimweleza mama watoto habari zote. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Mtu huyo yu hai?"

Tuliporejea Bujumbura nilimtafuta. Wafanyabiashara wa soko lile walitawanyika kote mjini, lakini nguo ina njia zake, na wauza nguo hujuana. Siku ya tatu nilielekezwa Buyenzi, katika soko la Ruvumera. Nilimkuta mzee sasa, haviuzi tena vitenge, bali nyuzi, zipu na vifungo. Hakunitambua. Nilipomweleza, alisema, "Mwanangu, daftari liliungua. Nilibaki na majina ya kichwani, na lako halikuwamo."

Mama watoto alikuwa amekwisha nionya kwamba faranga za 2012 si faranga za leo, na kwamba nikilipa kiasi kile kile nitakuwa nimelipa kipande tu cha kitenge. Nikampa mzee thamani ya vitenge viwili kwa bei ya siku ile tuliyosimama. Alizihesabu noti mara mbili, kama ipasavyo mfanyabiashara. Kisha akasema, "Wewe ni wa pili kuja. Wa kwanza alikuwa muuza mkaa."

Mawaidha kwa wenzangu

Ndugu zangu wa jeshi na wa polisi, sikuandika haya ili kujitukuza. Aliyechelewa kulipa deni kwa zaidi ya miaka kumi hana la kujivunia. Nimeandika kwa sababu likizo itakuja na kwenu, na pwani ya Tanganyika ni njema. Nendeni Rumonge. Shukeni hata Kigwena mkaone msitu wake na nyani wake, fikeni Nyanza-Lac. Wapelekeni wake zenu na watoto wenu madukani, wala msione ni kazi ya wanawake. Lakini mshike mambo haya:

Kwanza, nenda kama raia, lipa kama raia. Gwanda libaki msumarini, na kitambulisho kikae mfukoni. Pili, patana bei kwa furaha, kwani kupatana ni desturi yetu na muuzaji huitazamia. Lakini bei ikishuka ghafla kwa sababu umejulikana wewe ni nani, rudi katika ile ya kwanza. Bei iliyoshushwa na hofu si punguzo, ni hongo isiyoombwa. Tatu, usikope kwa mtu asiyeweza kukudai. Rafiki yako atakudai, jirani atakudai. Mama wa duka hathubutu. Nne, ukionyeshwa kwa siri bangili ya pembe ya ndovu au ngozi ya mnyama wa porini, usinunue, maana biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, na si vizuri mlinzi wa sheria kuivunja kwa kumnunulia mkewe zawadi.

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Waliosema hivyo hawakuweka sharti la daftari. Kila mmoja wetu aliyehama kituo kimoja kwenda kingine afikirie nyuma yake: yupo fundi cherehani, muuza sigara, mama wa chakula, ambaye alinyamaza kwa kuwa alituogopa? Simu siku hizi hupeleka fedha kabla ya mtu kumaliza kikombe cha chai.

Mama watoto ameshonesha kitenge kimoja cha Rumonge, nacho hukivaa Jumapili. Cha pili angali amekihifadhi. Kikapu kiko mezani, chungu kiko jikoni. Na mtoto wangu wa mwisho, alipoulizwa shuleni baba yake hufanya nini wakati wa likizo, alijibu kwamba baba yake hubeba vikapu.